Notho wa Unguja: jinsi ya kuangua mayai yake bila kuyaozesha

Maswali ninayoulizwa kuhusu samaki huyu ni yale yale manne. Mayai yamegeuka meupe na kuota ukungu. Mayai yamelowekwa siku tano na hakuna kilichotoka. Vifaranga wametoka lakini wanajiburuta chini, hawaelei. Vifaranga wametoka wazima, na siku ya tatu wote wamelala chali.

Karibu kila anayekwama huwa ameyaonea mayai huruma. Ameona ni mayai ya samaki, basi akayatia majini na kuyalinda majini. Notho hataki hivyo. Yai lake lisipopitishwa kiangazi, mara nyingi halikui.

Tunayemzungumzia ni Nothobranchius guentheri, samaki ambaye kwao ni kisiwa cha Unguja. Dume ana urefu wa kama sentimita 5, ubavu wa buluu inayoelekea kijani, magamba yenye kingo nyekundu, na mkia mwekundu uliotiwa ukingo mweusi mwembamba. Jike ni mdogo kidogo na rangi yake ni ya kijivu tu. Wafugaji humwita notho, nami nitamwita hivyo.

## Lijue dimbwi kwanza

Najua unataka kurukia hatua. Soma sehemu hii hata hivyo, maana kila hatua ya chini ni kuiga kitu kinachotokea kwenye dimbwi.

Notho anaishi kwenye maji ya msimu: madimbwi, mitaro ya kando ya barabara, kingo za mabonde ya mpunga. Masika yakishuka, kuanzia Machi hadi Mei, dimbwi linajaa maji yenye rangi ya tope na nyasi zilizozama. Mayai yaliyokuwa yamelala udongoni yanaanguliwa. Samaki wanakua mbio mbio, na baada ya wiki chache wanataga, yai moja moja, kila yai likisukumwa ndani ya tope. Maji yakikauka, wazazi wote wanakufa. Mayai yanabaki chini ya udongo uliopasuka, yakingoja vuli au masika mengine.

Humo udongoni yai linaweza kulala mara tatu. Usingizi wa kwanza ni mapema kabisa, kabla mwili wa samaki haujaanza kuonekana. Tope lililojaa maji na kukosa hewa linalishikilia hapo. Usingizi wa pili huja mwili ukishajichora na moyo unadunda. Wa tatu ni pale kifaranga amekamilika ndani ya ganda na anachongoja ni maji tu.

Si kila yai linalala mara zote tatu, wala hayaamki pamoja. Mayai ya jike mmoja, yaliyotagwa siku moja, mengine yatakuwa tayari mapema na mengine yatachelewa miezi. Ni kama mkulima anayebakiza mbegu ghalani: mvua ya kwanza ikidanganya, ikanyesha siku mbili na kukata, bado iko akiba. Kumbuka hili utakapoona nusu ya mayai yako hayajaanguliwa, kabla hujayatupa.

## Vifaa

Viweke vyote tayari kabla ya kuanza.

- Dume mmoja na majike wawili au watatu, au mayai uliyopata kwa mfugaji mwingine.
- Tangi au beseni la lita 15 hadi 20 lenye mfuniko. Notho anaruka, na asubuhi utamkuta sakafuni amekauka kama dagaa.
- Kopo la plastiki la lita 2, kama yale ya aiskrimu, lenye mfuniko.
- Makumbi ya nazi yaliyosagwa. Wauza miche wengi huyauza kama kokopiti.
- Kipande cha chandarua kilicho safi.
- Makopo madogo yenye mifuniko, karatasi ya kubandika na kalamu isiyofutika.
- Kipimajoto na kioo cha kukuzia.
- Sahani pana au trei isiyo na kina.
- Maji ya mvua, lita 3 au 4.
- Mayai ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyouzwa vikiwa vikavu kwenye maduka ya samaki wa mapambo.
- Pampu ndogo ya hewa na chumvi ya kawaida.

Kuhusu kuwapata wazazi: njia nzuri ni mfugaji mwingine. Ukitaka kuchukua kutoka kwenye dimbwi, anza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na ofisi inayosimamia uvuvi na mazingira, uulize kibali. Dimbwi moja linaweza kuwa makazi yote ya kundi zima, na udongo wake ndio ghala la mayai yote ya mwaka kesho. Usichote tope.

Usichanganye notho wa sehemu tofauti. Pwani ya Kenya mpaka Tanga yupo N. palmqvisti, Rufiji yupo N. eggersi, Mafia yupo N. korthausae. Majike wao wanafanana mno, na ukishawaweka pamoja huwezi tena kuwatenganisha kwa macho.

## Hatua ya 1: Andaa makumbi

Ulaya wafugaji hutumia piti, mboji ya vinamasi vyao. Sisi tuna makumbi, na yanafaa vilevile, ila yana mambo mawili ya kuangalia: yanaweza kuwa na chumvi ya bahari, na yana rangi nyingi.

Chemsha kwa dakika 20 hadi 30. Mwaga maji, suuza, kamua, rudia mpaka maji yanayotoka yawe na rangi ya chai nyepesi. Toa nyuzi ndefu za usumba kwa mkono, kwa kuwa samaki hunasa mapezi humo na wewe utapata taabu kutafuta mayai.

Umefaulu pale ambapo makumbi yanazama chini yote. Yakiendelea kuelea, bado yana hewa. Yaloweke usiku kucha.

## Hatua ya 2: Watagishe

Kata tundu la upana wa sentimita 5 au 6 kwenye mfuniko wa kopo la lita 2. Tia makumbi kina cha sentimita 3, funika, uzamishe kopo ndani ya tangi. Samaki watajifunza tundu liko wapi kwa siku moja. Mfuniko unazuia makumbi kutapakaa, na jike anapata mahali pa kupumzika nje, mbali na dume. Madume wa notho hawana adabu. Wanafukuza kutwa nzima. Ndiyo maana nasema dume mmoja.

Maji yawe na nyuzijoto 24 hadi 26, na tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita 5. Chumvi hii si ya hiari. Notho hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa vumbi la dhahabu, unaotokana na kimelea asiyeonekana kwa jicho tupu: ngozi inaonekana kama imepakwa unga wa manjano, mapezi yanajikunja, samaki anajisugua. Ukiuona umechelewa, chumvi ni kuuwahi.

Walishe vizuri, mara mbili au tatu kwa siku: viluwiluwi vya mbu, artemia, minyoo. Chakula kikavu wengi hawakitambui. Jike aliyeshiba hutaga makumi ya mayai kwa siku, mwenye njaa hutaga machache yasiyo na nguvu.

Ukiwachungulia utawaona: dume anamfunika jike kwa pezi la mgongoni, wanabanana ubavu kwa ubavu chini, wanatetemeka mara moja, na yai limekwisha kuzikwa. Acha kopo siku 7 hadi 10, kisha litoe. Ukiliacha mwezi, utakuwa na mayai ya umri tofauti kabisa na hatua ya 5 itakuwa kubahatisha.

## Hatua ya 3: Kamua mpaka iwe chicha

Hapa ndipo mayai mengi yanapofia, basi tuende taratibu.

Mimina makumbi ndani ya chandarua. Acha maji yachuruzike yenyewe dakika kumi. Halafu kunja chandarua na ukamue kwa mikono miwili, kama unavyokamua tui. Usiogope. Yai la notho, lenye upana wa kama milimita moja, lina ganda gumu; vidole haviwezi kulivunja kupitia makumbi.

Tandaza makumbi juu ya gazeti, kivulini, pasipo feni. Yaguse kila baada ya saa moja au mbili. Unachotafuta ni ile hali ya chicha ya nazi baada ya kutoa tui la mwisho: ina ubichi, haina maji. Fumbata gao moja kwa nguvu. Lisitoke tone katikati ya vidole. Fumbua mkono: bonge linabaki, na ukiligusa kwa kidole linapukutika. Kiganja chako kimepata unyevu lakini hakijalowa.

Bonge likikataa kupukutika, bado ni mabichi mno. Hewa haitapita, mayai yatabaki kwenye ule usingizi wa kwanza au yataoza. Kama bonge halishikani kabisa na makumbi yanapeperuka kama vumbi, umepitiliza. Mayai yatanywea na kubonyea. Ukiwahi, nyunyiza maji kwa ncha za vidole, changanya, pima tena.

Ikiwa unasitasita, elekea ukavu kidogo kuliko ubichi. Mayai yaliyokauka kidogo huchelewa tu. Yaliyozidiwa na maji hufa.

## Hatua ya 4: Hifadhi na andika

Jaza makopo madogo robo tatu, ili ibaki hewa juu. Funga. Andika: jina la samaki, asili yake, tarehe uliyotoa majini. Usiseme utakumbuka.

Weka mahali penye giza na joto lisilobadilika sana, nyuzijoto 24 hadi 28. Kabati la nguo linafaa, jikoni hapafai. Joto likiwa kubwa mayai huenda haraka na usingizi wa pili huweza kurukwa; kukiwa baridi yanachelewa. Kwa hiyo aliyeko London na kopo lake kwenye chumba cha nyuzijoto 20 asijilinganishe na aliyeko Mwanakwerekwe, Unguja.

Fungua mara moja kila wiki mbili, dakika moja tu, hewa iingie, na utazame. Mayai meupe kama maziwa yamekufa: yatoe kwa kibano, maana ukungu wake huhamia kwa jirani. Usinyunyize maji ila ukiona makumbi yamebadilika kutoka hali ya chicha. Kopo langu la kwanza liliozea kabatini kwa kunyunyiziwa kila asubuhi, na mimi nikidhani ninalitunza.

## Hatua ya 5: Soma macho

Muda wa kawaida ni wiki 6 hadi 12. Lakini usiangue kwa kalenda. Angua kwa macho, macho ya yai.

Kuanzia wiki ya 5, chukua mayai kumi kutoka sehemu mbalimbali za kopo, yaweke kwenye kioo chenye tone la maji, tazama kwa kioo cha kukuzia dhidi ya mwanga. Yatazame haraka na uyarudishe.

Yai linaloonyesha ndani kama kioo, lenye tone la mafuta tu: bado liko mwanzo. Yai lenye mstari hafifu uliojikunja: liko katikati. Yai lililojaa giza, lenye vidoa viwili vyeusi vikubwa: macho yamekuja. Ongeza subira kidogo, uangalie tena baada ya siku chache. Jicho likizungukwa na pete inayong'aa kama dhahabu, kifaranga amekamilika.

Ukipata mayai 7 au 8 kati ya 10 yenye pete hiyo, siku imefika. Ukipata 3, funga kopo, rudi baada ya wiki mbili. Wanaoloweka na 3 ndio wanaoniandikia kuhusu vifaranga wanaojiburuta. Kuchelewa mno nako kuna ubaya: kifaranga aliyekamilika hana chakula zaidi ya akiba ya kiini, na kila wiki inamdhoofisha.

## Hatua ya 6: Angua artemia kabla ya notho

Artemia inachukua saa 24 hivi. Kifaranga wa notho anataka kula siku ile ile anayotoka. Piga hesabu: artemia iwekwe leo, mayai ya notho yaloweshwe kesho. Wale vifaranga wa siku ya tatu waliolala chali walikufa kwa njaa, si kwa ugonjwa.

Lita 1 ya maji, gramu 25 hadi 30 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia, pampu ikitoa mapovu kwa nguvu, nyuzijoto 26 hadi 28. Aliye karibu na bahari achote maji safi ya bahari, ayachuje na kuyapunguza kidogo kwa maji yasiyo na chumvi. Baada ya saa 24 zima pampu, ngoja dakika kumi. Maganda yataelea, vijidudu vya rangi ya chungwa vitakusanyika chini na upande wenye mwanga. Vifyonze kwa mpira, vichuje kwa kitambaa, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Maganda usiyalishe, yanaziba tumbo la kifaranga.

## Hatua ya 7: Nyesha mvua

Maji ya mvua ndiyo bora. Kinga baada ya mvua mbili tatu kubwa kuliosha bati. Ukikosa, maji ya bomba yaliyokaa wazi saa 24 ili klorini iondoke. Maji ya kisima cha kwetu, yanayopita kwenye jiwe la matumbawe, huwa mazito, yaani yana chokaa nyingi. Yachanganye nusu kwa nusu na ya mvua.

Yapoze kwenye friji mpaka nyuzijoto 18 hadi 20. Mvua ya kwanza dimbwini ni baridi, na ule ubaridi ni sehemu ya habari inayolifikia yai. Tandaza makumbi kwenye trei, mimina maji mpaka kina cha sentimita 3, zisizidi 5. Koroga kidogo kwa kidole, acha. Maji yatapanda joto yenyewe kufuata chumba.

Kina hiki kina sababu. Kifaranga anapotoka hana hewa kwenye kibofu chake cha kuelea; lazima apande juu akachukue. Sentimita 3 anazimudu. Sentimita 15 zinamshinda, anabaki chini, na kibofu hakijazwi tena.

Wa kwanza hutoka ndani ya saa chache, wengine mpaka kesho yake. Saa 12 zikipita kimya, nyunyiza chembe za maziwa ya unga, kiasi cha kushika kwa ncha mbili za vidole. Bakteria watakula maziwa na kupunguza hewa majini, na upungufu huo ndio unaomhimiza kifaranga kuvunja ganda. Usizidishe, utawaua kwa dawa. Wengine hutia mayai kwenye kichupa na kutembea nacho mfukoni. Nimejaribu, kinafanya kazi mara nyingine, na kila hatua unayopiga inakuwa na sauti ya maji.

Dalili ya ushindi: vinyuzi vyenye macho mawili vinavyokatiza juu ya maji kwa mistari mifupi. Wanaotambaa chini baada ya siku mbili hawatapona.

## Hatua ya 8: Siku kumi za mwanzo

Wahamishe kwa kijiko, si kwa wavu, kwenda chombo cha lita 2 hadi 5 chenye maji yanayolingana na ya trei, kisha ongeza kina pole pole. Hewa iwe mapovu machache tu.

Lisha artemia mara 2 au 3 kwa siku. Tumbo likiwa na rangi ya chungwa, ameshiba. Tumbo likiwa tupu saa mbili baada ya kulisha, chakula hakimfikii. Toa mabaki kila siku na ubadilishe robo ya maji. Anza chumvi mapema, kipimo kile kile cha hatua ya 2.

Wakigawanyika kwa ukubwa, watenganishe, wakubwa hula wadogo. Ndani ya wiki 3 au 4 rangi za madume zinaanza kuonekana, na kufikia wiki ya 6 wanaweza kutaga. Tangini wanaweza kuishi karibu mwaka, zaidi ya dimbwi linavyowaruhusu.

## Hatua ya 9: Usitupe makumbi

Baada ya siku mbili, watoe vifaranga wote, mwaga maji kupitia chandarua, kamua tena mpaka chicha, rudisha koponi. Ndani bado yamo mayai yaliyochagua kungoja.

Andika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza. Baada ya wiki 3 au 4 soma macho upya, na ukiyaona, nyesha mvua tena. Mimi huenda mpaka mara ya tatu. Ya tatu huwa inatoa wachache, watano au sita, na kopo likishakuwa tupu makumbi yake huyamwaga kwenye shina la mpapai.